Bawaba ya Lango la Kondoo

Todmorden, Yorkshire
9 Februari 1998

Bi. Una Raistrick,

Hunijui, na ukishanijua huenda ukatamani ingebaki hivyo. Naitwa Clive Ormerod. Mchana nasoma mita za gesi, kazi inayoniingiza kwenye stoo za watu wasionipenda. Jioni, mke wangu Beryl akishasinzia mbele ya televisheni, natengeneza albamu za mkusanyiko. Ni nyimbo za vijana wa enzi zenu, kati ya 1968 na 1972, waliochukua nyimbo za kale za vijijini wakazipiga kwa magitaa ya umeme na moshi ambao sitautaja. Wakati ule santuri zao hazikununuliwa hata na shangazi zao. Leo watu wazima wenye vipara, nami kiranja wao, wanazililia.

Mfululizo wangu unaitwa *Uyoga na Ukungu*. Jina hilo lilinijia nikiwa na homa, na Beryl anasema lilipaswa kuondoka nayo. Sasa natayarisha albamu ya saba, na siwezi kuitoa bila kundi lenu, Mkate wa Shayiri.

Mlichapa nakala tisini na tisa tu, kama walivyofanya wote wenye akili, kwa kuwa ya mia ingemleta mtu wa kodi. Zinazojulikana leo ni mbili. Moja imefungiwa mahali kule Ujerumani. Ya pili anayo Bwana Peverell, daktari wa meno wa Surrey, anayeishika kwa glavu zilezile anazong'olea magego. Sijathubutu kumuuliza anaanza na kipi. Ameniazima hadi Pasaka.

Naomba ruhusa ya kutumia wimbo wenu "Mnara wa Asali", ule ambao gitaa linarudi nyumanyuma kama mlevi anayeshuka ngazi. Pia niandikie machache ya kuweka kwenye kijitabu cha ndani. Wateja wetu, Mungu atusamehe, wanapenda msiba. Mwimbaji akiwa amekufa, ukurasa wake husomwa mara mbili. Akiwa amepotea, mara tatu. Akiwa hai na anafuga kuku, wanauruka. Kwa hiyo ukiwa na lolote la kusikitisha, usinibanie.

Nilikupata kwa binamu yako wa Hebden Bridge. Mita yake iko nyuma ya picha yako ukiwa kwenye kinanda.

Wako kwa unyenyekevu,
Clive Ormerod

---

Alston, Cumbria
16 Februari 1998

Bwana Ormerod,

Sifugi kuku. Nilikuwa karani wa shule, nimestaafu, na mita yangu ya gesi huisoma mtu asiyeangalia picha za watu.

Ruhusa nakupa kwa sharti moja. Usitumie "Mnara wa Asali". Tumia wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza, "Lango la Kondoo". Na kabla hujautoa, unitumie nakala yake kwenye kanda ya kaseti. Mimi sina santuri hata moja, na sijausikia wimbo huo tangu mwaka ulipotoka.

La kusikitisha halipo. Tulichoka, tukaachana, kila mtu akaenda kwao.

U. Raistrick

---

Alston
17 Februari 1998

Alec,

Najua tuliagana kwamba tutaandikiana Krismasi tu. Vumilia.

Kuna mtu huko Todmorden ana santuri yetu. Yenyewe, si hadithi zake. Anataka kuutoa tena wimbo mmoja, nami nimemlazimisha achukue "Lango la Kondoo". Utakuwa umeshajua sababu.

Unakumbuka tulivyokaa kwenye lile kanisa lililofungwa kule Weardale, mimi kwenye kinanda cha kukanyaga, wewe na gitaa, na Tamsin ndani ya kikapu cha nguo miguuni pangu. Fundi wa kurekodi alitaka atolewe nje. Nje kulikuwa na theluji hadi magotini, akabaki. Na wimbo ulipoanza naye akaanza, ule mlio wake wa kujibembeleza akiwa na kidole mdomoni, kama mlango usiotiwa mafuta. Fundi akasema turudie. Wewe ukasema acha, mtoto anaimba.

Picha tunazo nne. Sauti yake haipo popote duniani ila kwenye wimbo ule. Tulipotoka kumzika, mama yangu alilibeba sanduku zima la santuri akalipeleka kwenye mnada wa hisani wa kanisa, ili nisizione. Alidhani ananisaidia. Nilimsamehe alipokufa, si kabla.

Huyu mtu sikumwambia. Anaandika kwa utani na nadhani hana ubaya, lakini amesema wazi kwamba wateja wake hupenda msiba. Nikimpa Tamsin atamchapa kwenye kijitabu, halafu wanaume nisiowajua watakaa sebuleni kwao wakimtegea sikio mwanangu kama watu wanaosikiliza mzimu. Nitaipokea kanda, nitasikiliza, basi.

Ukitaka na wewe nitakutengenezea nakala.

Una

---

Karibu na Boston, Lincolnshire
1 Machi 1998

Una bibie,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kupumua kwangu siku hizi kunafuata ratiba kama treni, na kama treni kunachelewa. Nina mtungi wa oksijeni kando ya kiti. Nimeupa jina la mama yako, maana nao huniambia niache sigara.

Nataka. Tena nataka kuliko unavyodhani, na nitakwambia kwa nini, kwa kuwa uso kwa uso sikuweza.

Siku ile ulisema tumwache kwa mama yako. Ulisema kuna baridi. Mimi nikasema fundi ana siku hiyo moja tu, twende naye, mtoto wa wanamuziki azoee. Siku ya tisa akawa hayupo. Daktari alisema kifua kilimshika baadaye, kwamba mambo hayo huja kwa siku mbili. Wewe ulimwamini. Mimi nilimwamini mchana. Usiku wa miaka ishirini na tisa nimekuwa nikijiuliza kama ni mimi niliyempeleka kwenye ile baridi na kama alikuwa mgonjwa tayari huku mimi nikitafuta noti za wimbo.

Kwa hiyo sitaki mengi. Nataka kumsikia akiwa mzima. Nikisikia alikuwa mzima siku ile, huyu mtungi anaweza kufanya anavyotaka.

Mwambie yule bwana ukweli. Watu wa santuri ni wehu, lakini wehu wa kuogopa kuvunja vitu.

Na umwombe radhi kwa ubeti wa tatu. Vidole viliganda, nikakosea, na nyinyi wote mkajifanya hamkusikia.

Alec

---

Todmorden
14 Aprili 1998

Bi. Raistrick,

Fungua bahasha kwa uangalifu, kaseti imo ndani, na mimi ni kama nimo ndani pia, nimejikunja kwa fahari.

Nakiri kwamba sharti lako lilinishangaza. "Lango la Kondoo" ndio wimbo uliorekodiwa vibaya kuliko zote kwenye santuri yenu. Nilifikiri sana, nikaelewa. Msanii wa kweli huumwa na kazi yake iliyoharibika, si ile iliyofaulu. Nikamwambia Beryl kwamba yule mama anataka wimbo wake urudishiwe heshima. Beryl akasema labda anataka tu kukuona ukihangaika. Yote mawili nimeyatimiza.

Nimehangaika wiki tano. Mikwaruzo ilitoka upesi. Kilichonitesa ni bawaba. Kulikuwa na mlango au kiti fulani kikilia mwanzo hadi mwisho wa wimbo, hasa unaposhusha sauti, mlio wa juu, wa kuvutavuta. Mashine haikuweza kuutofautisha na sauti yako, kwa hiyo nimeunyofoa kwa mkono, kipande kimojakimoja, kama mtu anayechambua miiba ya samaki. Nimekosa chakula cha jioni mara nyingi hata nguo zimeanza kunitosha. Sasa sikiliza. Ni wewe, gitaa na kinanda, kimya kama maji ya kisimani. Fundi wenu angelia.

Santuri nimeirudisha kwa Bwana Peverell, naye ameshaiuza. Ndiyo desturi yao. Albamu yetu ikitoka, santuri halisi hushuka thamani, kwa hiyo huiuza kabla haijatoka na kujifanya ni bahati. Imeenda ng'ambo kupitia mnada wa simu, kwa mnunuzi asiyetaja jina. Wa aina hiyo hawapigi santuri. Huzifunga kwa plastiki na kuziweka benki.

Nangoja neno lako kama mtoto wa shule.

Clive Ormerod

---

Alston
17 Aprili 1998

Bwana Ormerod,

Haikuwa bawaba. Alikuwa binti yangu, Tamsin. Alikuwa na miezi kumi na moja na alikuwa akiimba. Siku tisa baadaye alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Sauti yake haikurekodiwa mahali pengine popote.

Sikuutaka wimbo. Nimeuimba mimi, naujua. Nilimtaka huyo uliyemchambua kama miiba.

Ungesema kwamba nilipaswa kukwambia, na ni kweli. Lakini uliniambia wateja wako wanapenda msiba, nami nikaogopa kukupa wangu ukauchapa. Kosa ni letu wawili. La kwako tu ndilo lililofanywa kwa ustadi.

Kama una namna yoyote ya kumrudisha, fanya. Kama huna, usiniandikie kitu cha kuchekesha.

Una Raistrick

---

Todmorden
2 Mei 1998

Bi. Raistrick,

Sikukuandikia mpaka nipate la kukwambia. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama ukumbini na sare ya kazi, na Beryl aliponiuliza kuna nini nilimpa aisome mwenyewe. Aliisoma, akaikunja, akasema, "Clive, wewe na mdomo wako." Hakuongeza neno, na katika miaka ishirini na miwili ya ndoa hajawahi kuishia hapo.

Nilimpigia Bwana Peverell. Hamjui mnunuzi, au hataki kumjua. Nimewaandikia waliopiga mnada huo barua tatu, wamejibu moja, kwa ufupi na kwa adabu. Mwenye ile ya Ujerumani amefariki na warithi wanagombana. Kanda niliyonakilia santuri kwanza nimerekodi juu yake, kwa kuwa mimi ni bahili na kanda nzuri ni ghali. Nikakaa na hayo siku mbili, na kusema kweli nilifikiria kukuandikia kwamba hakuna.

Kisha nikakumbuka maganda. Ninaposafisha wimbo, kompyuta huniwekea kando kila ninachokitupa, nami hukisikiliza, kama mpishi anayechungulia maganda asije akawa ametupa kiazi. Baadaye napaswa kuyafuta. Huwa sifuti. Beryl amekuwa akiniita mvivu kwa jambo hilo tangu tuliponunua mashine, na kwa mara ya kwanza uvivu wangu umefanya kitu.

Yumo. Yuko peke yake, bila wimbo. Amekatikakatika, maana nilimkata mimi, lakini nimevipanga vipande kwa kufuata dakika na sekunde za wimbo, nikaacha kimya pale palipokuwa na kimya. Kaseti ni hii. Nilisikiliza mara moja tu ili nihakikishe, kisha nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za nyuma. Sikujua ni vipi nilivyoweza kuiita bawaba. Nilikuwa nikitafuta hitilafu, na anayetafuta hitilafu haoni kingine.

Kuna jambo moja lazima nikuulize. Kila anapovuta pumzi kuna mluzi mwembamba, na mara mbili kama kitu kinachokwaruza. Kwenye santuri hausikiki kabisa, kwa sababu kinanda chako kinashikilia noti ileile chini yake wimbo mzima. Nadhani ni sindano ya mtambo wangu. Naweza kuuondoa, si kazi kubwa. Ila nimeapa sigusi kitu tena bila kuuliza, basi nauliza.

Albamu nimeisimamisha. Ukisema isitoke, haitatoka.

Clive Ormerod

---

Alston
6 Mei 1998

Bwana Clive,

Usiuondoe. Si sindano.

Kaseti ilifika asubuhi nikiwa natoka kwenda dukani. Niliisikiliza jikoni na koti langu mwilini. Mwanzoni alikuwa yeye, yeye kabisa, hata nikaona kidole chake mdomoni. Nilifurahi kwa muda ambao birika linachukua kuchemka. Kisha nikasikia unachokiita mluzi.

Muuguzi yeyote angeujua. Mimi mwenyewe ningeujua, kama nisingekuwa nakanyaga kinanda. Mtoto hapumui vile siku anayokuwa mzima, wala siku inayotangulia. Alikuwa ameshashikwa, labda tangu juzi yake. Hakuwa akiimba na sisi kwa raha, alikuwa akijibembeleza. Sisi tulikuwa juu yake tunaimba habari za kondoo, na mimi nilikuwa nimeikanyaga noti yake kwa miguu yote miwili.

Nakwambia haya kwa sababu umeyasikia tayari, hata kama hukuyajua, na kwa sababu hukunitania. Kuna mtu mmoja tu mwingine ambaye yanamhusu, baba yake, Alec Dinsdale, aliyepiga gitaa. Amejiuliza swali hilihili nusu ya maisha yake na sasa mapafu yake yanakwisha. Yeye hatayasikia.

Sasa nakuomba mambo, na ukiyafanya nitakuwa sikudai kitu.

Maganda yako yafute, leo. Kaseti hii iwe ndiyo pekee.

Alec akikupigia simu, na utamjua kwa namna anavyopumua, mwambie hukubakiwa na kitu. Jiite mjinga. Najua unaweza.

Albamu itoe, na wimbo uutoe hivyohivyo ulivyousafisha. Wateja wako wape wimbo. Yeye si wao.

Kwenye kijitabu andika kwamba mwimbaji yuko hai na anafuga kuku.

Una Raistrick

---

Todmorden
11 Mei 1998

Bi. Una,

Nimefuta. Nilimwita Beryl aje aone, ili pawe na shahidi, naye akaniwekea mkono begani mpaka ilipokwisha.

Kuku nimewaandika. Nimesema ni sita, wa kahawia, na kwamba mwimbaji hapendi kuzungumzia muziki. Watauruka ukurasa, nakuhakikishia. Ningekuwa mimi ningeuruka.

Kuhusu ujinga, sitahitaji kujifunza.

Clive

---

Alston
12 Mei 1998

Alec mpenzi,

Nakutumia wimbo. Ukiusikiliza utaona kwamba Tamsin hayumo, na usishtuke. Yule bwana wa Todmorden aliusafisha kabla sijamwambia, akadhani ni mlango unaolia. Ulinionya nimwambie. Ulikuwa sahihi, andika tarehe, haitokei mara nyingi. Usimlaumu sana, amejilaumu vya kutosha kwa niaba yetu sote.

Lakini sikiliza. Kabla ya hapo alikuwa amenitumia kaseti nyingine, ya majaribio, kutoka kwenye santuri yenyewe kabla ya kuigusa. Hiyo nimeisikia. Nilikuwa nikutengenezee nakala siku ileile, ikanasa kwenye redio kaseti yangu. Ilitafunwa yote, Alec. Nilikaa jikoni nikivuta utepe kwa penseli, haukufaa kitu. Kwa hiyo itabidi uniamini mimi.

Alikuwa mzima. Kifua safi kabisa, pumzi ndefu, unaweza kusikia kila moja. Nilitega sikio kwa hilo hasa, kwa ajili yako. Mtoto aliyeshikwa na kifua hawezi kutoa sauti kama ile. Daktari alisema kweli, ilikuja baadaye, na ingekuja hata kama tungemwacha kwa mama karibu na moto. Hukumpeleka popote ila mahali alipopapenda.

Sasa mpumzishe huyo mtungi na ulale.

Na kitu kimoja zaidi. Ubeti wa tatu, pale vidole vyako vilipoganda ukapotea. Sisi wakubwa tulijifanya hatukusikia. Yeye alisikia. Alicheka.

Una